Upande wa Nne wa Santuri ya Dada

Niseme mapema ili tusije tukalaumiana. Huyo mwanaume aliyekuwa shemeji yangu simpendi, sikuwahi kumpenda, na habari za dada yangu siwezi kuzisimulia bila kumsema. Anayetaka masimulizi ya upole akatafute msimuliaji mwingine. Mimi ni fundi cherehani, mdomo wangu kutwa umeshika pini, na nikizitoa hizo pini huwa nasema ninachotaka.

Dada yangu ni dobi. Zamani alifanya kazi hotelini, kwenye chumba cha kufulia kule chini, katikati ya mashine zilizonguruma mchana kutwa hadi wafanyakazi wakawa wanaongea kwa mikono. Alipochoshwa na mabosi tukakodi chumba kimoja, mimi na yeye, barabarani kabisa, mkabala na duka la vipuri. Upande wa mlangoni, penye mwanga, nikaweka cherehani yangu. Upande wa ndani akaweka meza ndefu iliyotandikwa blanketi lililoungua pembeni, na juu yake waya wa kutundikia nguo za wateja. Ukutani kuna kioo ambacho kinamfanya kila mtu aonekane mnene, na lawama napewa mimi niliyeshona.

Ukimwangalia dada akipiga pasi utaona midomo inacheza. Wateja hudhani anasali. Thubutu! Anahesabu. Moja mpaka saba, kisha anaanza upya, na kila akifika saba pasi inageuka. Wasichana kadhaa walikuja kujifunza kazi kwake wakashindwa, maana mkono wa binadamu unataka kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na saba haiendi hivyo, inakuacha mguu mmoja hewani. Yeye hata hajui kupiga pasi kwa namna nyingine. Nguo zake zinatoka zimenyooka hadi mwenyewe unaogopa kukaa. Na hiyo saba aliitoa kwenye santuri ya baba.

Baba yetu alikuwa mpiga dramu wa bendi ya hoteli. Kazini alipiga walichotaka wageni, nyumbani akasikiliza alichotaka yeye. Mpiga gitaa mwenzake alipohamia ng'ambo alimwachia santuri za vijana fulani wenye nywele ndefu, mbili ndani ya jalada moja, hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Jalada lilifunguka kama milango ya kabati. Ndani kulichorwa mtu mdogo kabisa anakokota mnyororo juu ya nchi ya bluu, na milima yote imekunjamana kama shuka ambalo halijaguswa na pasi. Mimi nilidhani ni mfungwa katoroka. Dada akaketi na kamusi, neno kwa neno, miezi na miezi, maana mashairi yote yalichapwa humo ndani, mpaka akaja na habari kamili: yule si mfungwa, ni mpima ardhi. Mfalme amemtuma akapime nchi nzima, na huo mnyororo ndio kipimo chake.

Sasa sikiliza hadithi. Mtunza ghala wa mfalme, mtu wa tabasamu kubwa na maneno matamu, amekwisha kuuharibu ule mnyororo. Ametoa pingili mbili tatu, akaunganisha vizuri, huwezi kujua. Upande wa kwanza mpima anaondoka na furaha zake. Upande wa pili vipimo vyote vinakataa, mashamba ya watu yanagongana kwenye ramani, mpima anaitwa mwongo, anafukuzwa, nyumba yake anapewa yule yule mtunza ghala. Upande wa tatu amegundua. Anamfuata. Anavuka nchi nzima aliyoipima vibaya, safari hii haipimi, anaikanyaga tu, mpaka anasimama mbele ya mlango wa nyumba iliyokuwa yake, anainua mkono kugonga, na hapo hapo muziki unakatika.

Mwanzoni mimi niliona ni fujo. Wimbo gani huo unakwenda upande mzima wa santuri bila kupumua? Filimbi inaanza peke yake, nyembamba, halafu kinanda kinaingia kikinguruma mpaka vikombe vinagongana kabatini, halafu dramu, ile saba, unatikisa kichwa na kichwa kinakosea. Baba alicheka. "Hawa wana wazimu," akasema, "ila ni wazimu wenye mpango." Kisha akatupa sheria yake: santuri ikianza hakuna kuongea, hakuna kunyanyuka kwenda kunywa maji, hakuna kusema mimi napenda kile kipande tu. Ama unaichukua yote ama unaiacha yote. Nilikaa kwa hofu ya baba, nikaja kukaa kwa mapenzi.

Kilichoniteka mimi ni upande wa tatu. Ile filimbi ya mwanzo, ile ya furaha, inarudi, lakini sasa imepewa gitaa, inapigwa nzito, inakwaruza, noti zile zile. Ni nguo ile ile imegeuzwa ndani nje, unaona mishono yote na nyuzi zote zilizofichwa. Nilipoitambua mara ya kwanza nywele zilinisimama. Dada yeye mwenyewe alikuwa mtu wa upande wa nne. Upande wa nne hauna neno hata moja. Mlango unafunguliwa, hilo unalisikia, halafu hakuna anayeimba tena hadi mwisho. Kinanda na gitaa tu, mara vinagombana, mara vinanyamaza, mara kimoja kinasubiri kingine. Amemuua? Amemsamehe? Tumebishana hilo toka utotoni. Mimi nasema kamuua, sikiliza dramu. Dada anasema sikiliza baada ya dramu.

Baba alipokuwa anatutoka alimwachia dada ile santuri. Sikuona wivu. Mimi nilipewa cherehani.

Kisha dada akaolewa na Kipaza.

Ndiyo, Kipaza, maana ni mshereheshaji, ndiye yule anayesimama mbele ya harusi na kipaza sauti na kuwaambia watu wazima lini wapige makofi. Sauti anayo, siwezi kumnyima. Nene, laini, inakuja kutoka tumboni. Tatizo ni kwamba Mungu alipompa mdomo alisahau kumpa masikio. Dada akimwambia naumwa, yeye anamweleza jinsi ukumbi ulivyoshangilia. Na dada akiweka santuri yake, bwana huyo anachukua funguo anatoka. "Hayo makelele yako yatanitia kichaa," anasema. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kukaa hata upande mmoja ukaisha.

Siku moja akaenda kusherehesha harusi ya watu, akarudi na mdogo wake bibi harusi moyoni. Haya, wanaume wapo. Akaondoka. Lakini ondoka yake sasa! Alikuja na gari akapakia gramafoni, maspika, nyaya, na santuri zote zilizokuwemo ndani, eti vifaa vya kazi. Ya baba ikaenda humo humo. Ni harusi gani katika dunia hii itapigwa habari za mpima ardhi aliyedhulumiwa? Dada alidai mara moja, akajibiwa vibaya, akanyamaza. Dada yangu ana kiburi cha kimya kimya. Angekuwa na kiburi changu tungemaliza siku ile ile.

Akaendelea kupiga pasi kwa saba yake bila muziki, na ningekuwa sina hadithi kama si masikio yake.

Yalianza kidogo kidogo. Mteja anasema shati la kijani, yeye anamletea la jirani. Birika la maji linapiga mluzi, hageuki. Nikamburuza kwa daktari wa masikio. Daktari akamfungia kwenye kichumba, akampigia milio ya kila aina, akatoka na uso wa watu wanaotafuta maneno. La kushoto limekwisha. La kulia linafuata. Ni zile mashine za hotelini, miaka yote ile. Linaweza kufifia taratibu, linaweza kukatika siku moja kama umeme. Vile vifaa vya kuvaa sikioni havitafaa kitu.

Tulirudi dukani. Tulipofika dada akawasha pasi, akalowesha kidole, akaigusa kuona kama imeshika moto. "Nataka niisikilize mara moja," akasema. "Yote. Tangu filimbi mpaka mwisho. Baada ya hapo liende."

Sikuuliza nini. Nilijifunga kanga yangu kiunoni nikaenda kumtafuta Kipaza.

Nilimkuta kwenye ukumbi wa sherehe anapanga maspika. Alinipokea kwa lile tabasamu la kazini. "Shemeji! Umepotea!"

"Shemeji yako alishakufa," nikamwambia. "Nimefuata santuri ya dada. Ile ya mpima ardhi."

"Ipi? Ile ya makelele?" Akacheka, akawageukia vijana wake ili nao wacheke. "Hiyo imo stoo huko. Anaitakia nini?"

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, kwa adabu, nusura niteme damu kwa adabu. Nikamwambia masikio yanakwisha, daktari kasema, anataka mara moja tu. Unajua alinijibu nini? Alikuwa anafuta kipaza sauti kwa kitambaa, hata hakuniangalia. "Kama anaitaka," akasema, "aje mwenyewe aombe. Aombe vizuri."

Dada aende akampigie magoti! Nilitoka pale naona giza mchana. Nyumbani nikamwambia dada sikumkuta mtu, na dada akanitazama, akajua, akasema yeye hatakwenda. "Niombe changu?" akauliza. Basi.

Sasa mimi si mtu wa kukaa na kinyongo kikachacha bure, napenda kukitumia. Na bahati ilinijia yenyewe, imevaa viatu virefu. Yule mke mpya alikuja dukani kwetu na suruali ya suti nyeupe ya mumewe. Hakunijua, sikumjua, mpaka alipotaja shughuli yenyewe na mwenye kuisherehesha. Bwana amenenepa, anasema, suruali iongezwe nyuma kidogo, ina kazi kubwa mwisho wa wiki. Karibu, mama, nikasema, karibu sana.

Fundi akitaka kujaribu nguo kabla ya kuishona moja kwa moja, anaishikiza kwanza kwa uzi mwepesi, mishono mirefu mirefu. Tunaita kupiga bandi. Bandi ukiivuta inaachia, ndiyo kazi yake. Nikaifumua ile suruali nyuma, nikaiongeza, nikaipiga bandi, nikamwachia dada ainyooshe bila kumwambia ni ya nani. Ilitoka inameremeta.

Wanasema ilikuwa wakati wa kukata keki. Kipaza aliinama kuokota kisu. Wee! Watu wana simu, na simu zina kamera, na ule mpasuko ulisikika kwenye kipaza chake mwenyewe. Kaumbuka mbele ya wakwe wa watu. Video ilifika mtaani kwetu kabla wageni hawajamaliza kula. Niliitazama hadi mashavu yakauma. Hadi leo nikiwa na huzuni naitazama.

Dada alipojua hakucheka. "Sasa hatatoa," akasema tu, akaendelea na kola aliyokuwa nayo mkononi.

Lakini akatoa. Haikupita wiki, dereva wa Kipaza akaja dukani na jalada lile lile, la bluu, pembe zimesagika. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikalinyakua, nikahisi ni jepesi. Ndani mlikuwa na santuri moja.

"Ya pili iko wapi?" nikauliza.

Dereva aliangalia viatu vyake. "Bosi anasema kashonewa nusu, na yeye kaleta nusu. Kasema mama asikilize mwanzo, mwisho kabaki nao yeye."

Nilitukana. Nilitukana hadi mtu wa duka la vipuri akatoka nje. Mtu anajua mwanamke anapoteza masikio, anampa mwanzo wa hadithi ili afe na kiu ya mwisho! Nilikuwa tayari nimeshika mkasi mkubwa, sijui nilitaka kuufanyia nini. Dereva alirudi kinyumenyume hadi kwenye gari.

Dada akanyoosha mkono, akaitoa ile santuri, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akasoma namba ya katikati yake, akaigeuza, akasoma tena. Kisha akaanza kucheka. Alicheka akashika meza, akacheka akakaa chini kwenye rundo la mashuka ya wateja, machozi yanamtoka. "Mpumbavu!" akasema. "Mdogo wangu, mpumbavu yule! Angalia!"

Niliangalia, na mimi nikaketi kwenye mashuka.

Gramafoni za zamani zilikuwa na mti katikati, unazitundika santuri mbili kwa mpigo, ya chini ikiisha ya juu inaanguka yenyewe. Halafu unazigeuza zote pamoja. Kwa hiyo waliotengeneza walichapa upande wa kwanza na wa nne mgongo kwa mgongo kwenye santuri moja, wa pili na wa tatu kwenye nyingine. Sisi tuliijua toka utoto, baba alikuwa hageuzi baada ya upande wa kwanza, alikuwa anabadilisha. Mtu yeyote aliyewahi kukaa chumbani wakati santuri inapigwa angeijua. Kipaza alitoka na funguo zake kila mara. Kashika santuri mbili mkononi, akasema ya kwanza ni mwanzo, ya pili ni mwisho, akatuletea mwanzo na mwisho vyote viwili kwenye sahani moja, kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi redio wa mtaa wa pili alituazima gramafoni yake. Dada akageuza kiti, sikio la kulia kwenye spika. Filimbi ikaingia. Nilimwona anaipokea, mabega yakashuka. Upande wa kwanza ukaisha, akageuza, wa nne ukaanza na ule mlango unaofunguliwa, na hapo akakunja uso. Alisikiliza hadi mwisho, lakini alikuwa kama mtu anayekula bila chumvi.

"Haulii," akasema. "Upande wa nne haulii kama hujapita wa tatu. Ule unyamavu ni unyamavu tu. Huwezi kuujua ni wa nini mpaka uwe umetembea na hasira zake kwanza." Akaangalia gramafoni. "Nina kichwa na miguu. Tumbo analo yeye."

Basi nikarudi kwa Kipaza. Safari hii sikwenda kuomba, nilikwenda kumcheka, nakiri, na nilikwenda siku ambayo ukumbi una watu. "Ahsante kwa mwisho," nikamwambia. "Dada kausikiliza, mtamu kweli." Akasema mwisho anao yeye. Nikamwambia nenda stoo, bwana, washa taa, soma namba. Nikaona uso wake unafanya hesabu. Mimi nikaondoka natembea kwa saba.

Wiki zikapita. Sikio la dada likawa linakuja na kuondoka. Siku nyingine ananisikia nikiguna, siku nyingine napiga meza ndipo ageuke. Kila asubuhi namjaribu. Namwita taratibu nikiwa nimempa mgongo, nione.

Siku aliyokuja Kipaza ilikuwa mchana wa jua kali, foleni ya wateja imefika nje. Asubuhi ile nilikuwa nimemnong'oneza dada anipe chaki, akanirushia. Kwa hiyo nakwambia kwa uhakika, alikuwa anasikia.

Kipaza alisimama mlangoni, mfuko wa nailoni kwapani, hana suti, hana tabasamu. Alipita wateja akasogea mpaka mezani kwa dada, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Alisema aliisikiliza. Aliiweka ili aone kama nimedanganya, pande zote mbili, wa pili na wa tatu, halafu akairudia, halafu akawa anairudia kila siku mpaka mkewe akalalamika. "Yule bwana anainua mkono agonge," akasema, "halafu inakatika. Nataka kujua tu. Anagonga?"

Dada hakuinua macho kwenye shati. "Sisikii," akasema.

Akanikonyeza. Nikashika pini mdomoni kwa nguvu nisicheke.

Kipaza akauinua ule mfuko. "Nimeileta santuri yako."

"Sisikii."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Sisikii, baba. Ongea. Si ndiyo kazi yako?"

Aligeuka akatazama foleni. Wateja wote macho kwake, na wawili walikuwa wameshamtambua kwa ile video, wanagusana viwiko. Nilidhani ataondoka. Lakini alivuta pumzi, na ile sauti ikaja, yote, kutoka tumboni, ile ya kufungulia harusi. "NIMEKUKOSEA! NILICHUKUA SANTURI YA BABA YAKO! NILIKUFICHIA NUSU HUKU NIKIJUA UNAUMWA! NILIFANYA ROHO MBAYA, NISAMEHE!"

Mwenye duka la vipuri alitoka na spana mkononi. Wanawake waliokuwa wanavuka barabara walisimama. Loo, nilivyoshiba siku ile! Jasho lilimtiririka Kipaza hadi kwenye ndevu, na dada alinyoosha mkono, akapokea ule mfuko, akachungulia ndani, akasoma namba, akaukumbatia kifuani. "Nimekusikia toka mwanzo," akamwambia. "Yamekwisha."

Foleni nzima ikaangua kicheko, mimi nikiwa kiongozi. Kipaza mwenyewe alijaribu kucheka. Kisha akasogea tena, akasema, na safari hii alisema kwa sauti ya kawaida tu, ya mtu na mtu, "Basi niambie. Anagonga? Inaishaje?"

Dada alimtazama. "Sisikii," akasema.

Nilicheka hadi pini zikamwagika. Niliona ndiyo adhabu kamili hiyo: karudisha katikati, na mwisho kanyimwa. Kipaza alingoja kidogo, akatikisa kichwa, akaondoka zake barabarani, na mimi nikamsindikiza kwa vigelegele hadi kona.

Wateja walipopungua nikafunga mlango nusu, nikaleta gramafoni, nikatoa vumbi kwenye sindano. Tulikuwa tumekubaliana toka zamani tuifanye kwa sheria ya baba, bila neno. Upande wa kwanza nikauweka. Nilifumba macho. Filimbi, kinanda, vikombe vikagongana kwenye trei ya chai. Mpima ardhi wetu alikuwa ameshafika mbali na safari yake dada aliponigusa bega.

"Mbona huweki?" akaniuliza.

Nikamwonyesha santuri. Ilikuwa inazunguka. Aliitazama, akaweka kiganja juu ya boksi la spika, akakiacha hapo, kisha akaanza kuhesabu kwa vidole kwenye blanketi la meza. Alikuwa nyuma ya dramu. Nilitaka kumwambia anachelewa na sikuwa na njia ya kumwambia.

Ile "sisikii" ya mwisho haikuwa mzaha. Daktari anasema si zile kelele za Kipaza, sikio lilikuwa limefika mwisho wake, lingekatika hata kama asingekuja mtu. Daktari na aseme. Dada aliniandikia kwa chaki yangu mezani kwamba yeye amemsamehe Kipaza na mimi niache. Nimefuta ile chaki kwa kiganja, sijaacha. Kulikuwa na ile filimbi, kulikuwa na gitaa la upande wa tatu, kulikuwa na mimi dada yake niliyemwita kila asubuhi, na sauti ya mwisho kuingia kichwani mwake, ile atakayokaa nayo maisha yake yote, ni ya yule mwanaume.